Chingay ya Singapore: Umoja Hujengwa Kwenye Mazoezi

Tarehe 21 Julai 1964, Waislamu wa Singapore walikuwa kwenye maandamano ya Maulidi. Walikusanyika kwa maelfu katika uwanja wa Padang, katikati ya jiji, kisha wakashika njia kuelekea Geylang, mtaa wenye Wamalay wengi. Walitoka majumbani mwao kumswalia Mtume. Jua lilipozama, Wamalay na Wachina walikuwa wameshaanza kupigana, na usiku huo jiji likawekewa amri ya kutotoka nje. Vurugu za Julai ziliua watu 23 na kujeruhi 454. Septemba mwaka huohuo zikazuka tena, wakafa wengine 13.

Miaka tisa baadaye, katika jiji hilohilo, serikali iliwaita watu watoke barabarani kwa ngoma na mavazi ya fahari. Ndivyo ilivyozaliwa Chingay ya kisasa, gwaride la kila mwaka ambalo leo Wasingapore wa kila asili hulihesabu kuwa lao. Nimesoma mengi juu yake na kutazama picha zake nyingi, na mara nyingi husimuliwa kama habari ya rangi, taa na magari yaliyopambwa. Ya 1964 hayatajwi. Kwangu mimi, ukiyaacha hayo huwezi kujua uzito wa kazi iliyofanyika. Kuwarudisha watu wa asili mbalimbali kwenye msafara mmoja kulikuwa ni kukirudia kitu ambacho karibuni tu kilikuwa kimemwaga damu.

Chanzo chenyewe kilikuwa fataki. Wachina huukaribisha mwaka wao mpya kwa mlio wa fataki, mlio unaoaminika kufukuza mabaya. Msimu wa sikukuu wa 1970 fataki hizo ziliua watu sita. Mwaka 1972 askari wawili wasio na silaha walishambuliwa walipojaribu kuwazuia watu kuzilipua, na serikali ikazipiga marufuku kabisa. Naiona kuwa sheria ya haki, ila sikukuu ilipoa. Waziri Mkuu Lee Kuan Yew akataka kitu cha kuirudishia uchangamfu. Kazi hiyo ikapewa People's Association, taasisi ya umma iliyoundwa mwaka 1960 kusimamia vituo vya jamii mitaani, pamoja na chama cha kitaifa cha sanaa za mapigano. Tarehe 4 Februari 1973, siku ya pili ya Mwaka Mpya wa Kichina, msafara wa kwanza ukatoka Jalan Besar kwenda Outram Park. Kulikuwa na simba wa kuchezwa, yaani vazi la simba lenye watu wawili ndani yake, majoka, watu waliopanda magongo marefu na wabeba bendera kubwa.

Jina na mtindo havikubuniwa siku hiyo. Katika karne ya 19 Chingay yalikuwa maandamano ya mahekalu ya Wahokkien, watu wenye asili ya Fujian kusini mwa China, wakizungusha sanamu za miungu yao mitaani. Lilikuwa jambo la kundi moja, na tusidhani kwamba Wachina wenyewe walikuwa kitu kimoja. Mwaka 1854 Wahokkien na Wateochew walipigana Singapore kwa zaidi ya siku kumi, wakafa watu wapatao 400. Mwaka 1906 Wahokkien waliamua kuyaacha maandamano yao, wakiona fedha nyingi zinateketea katika kujionyesha.

Kwa hiyo hata kabla mtu wa kabila lingine hajatia mguu, Chingay ilikuwa imeshabadilika mara kadhaa. Ilizaliwa hekaluni, ikaachwa, ikafufuliwa na serikali kama sherehe isiyo na ibada. Wapo wanaosikitika kwamba kitu cha dini kiligeuzwa tamasha la wizara na kamati, nami nawaelewa. Ng'ambo ya mlango-bahari, Johor Bahru nchini Malaysia, Chingay bado ni ya hekalu: makundi matano ya Wachina, Wateochew, Wahokkien, Wahakka, Wakantoni na Wahainan, hushirikiana kuizungusha miungu usiku kucha. Ni mila yenye heshima yake na naitakia maisha marefu. Lakini msafara wa hekalu hauwezi kumwambia Muislamu wa Geylang, "Njoo, hili nalo ni lako." Ili aje bila kuacha imani yake mlangoni, ilibidi miungu ibaki hekaluni. Hayo ndiyo mabadiliko yaliyofungua yote yaliyofuata, na sidhani kama waliopanga msafara wa 1973 walikuwa na hesabu hiyo kichwani. Walikuwa wanatafuta cha kuziba nafasi ya fataki.

Kisha ukafika mwaka 1977. Vikundi vya Wamalay na vya Wahindi vikaingia kwenye msafara kwa mara ya kwanza.

Hapa nataka kukaa kidogo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa vurugu za 1964 alikuwa na miaka 33 mwaka 1977. Hakuwa amesahau. Alijua jirani gani alimfungia mlango na jirani gani alimficha. Huyo ndiye aliyesimama kando ya barabara kutazama Wamalay wakipita kwa ngoma zao ndani ya sherehe ya Wachina, au ndiye aliyekuwa akiipiga ngoma yenyewe. Tukiitazama picha hiyo kutoka leo tunaiona ya kawaida, watu wenye mavazi tofauti wakipita mbele ya kamera. Kwa waliokuwapo, kila kikundi kilichotoka kilikuwa kimekubali kujitokeza mahali ambapo wangeweza kuzomewa. Wakakubali tena mwaka uliofuata. Imani kati ya watu hurudi hivyo, kwa kurudiarudia jambo dogo bila baya kutokea, mpaka wazazi wanaacha kuwaonya watoto wao.

Bado, kualikwa si sawa na kuwa mwenyeji. Karibu robo tatu ya Wasingapore ni Wachina, na gwaride limefungamana na sikukuu yao. Katika miaka ile ya mwanzo Wamalay na Wahindi walikuwa wageni waliokaribishwa kwa heshima, lakini wageni. Mtu wa kundi la wengi anaweza asilione hilo kabisa. Mtu wa kundi la wachache huliona tangu anapopangiwa nafasi yake kwenye msafara. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kwamba umoja ulipatikana 1977. Mwaka huo walipata ruhusa ya kuanza kuutafuta.

Singapore ina desturi ya kuwagawa raia wake katika mafungu manne: Wachina, Wamalay, Wahindi, na wengineo. Mgawanyo huo umo kwenye vitambulisho, shuleni, hata kwenye nyumba. Na kwa muda mrefu gwaride nalo lilifuata mafungu hayohayo. Wanapita Wachina na simba wao, wanafuata Wamalay na ngoma zao, kisha Wahindi na dansi zao, kila kundi na vazi lake, kila kundi na dakika zake. Mtazamaji anapiga makofi mara tatu na kurudi nyumbani. Nasema wazi kwamba mpangilio huo una faida kidogo kuliko tunavyoambiwa. Unamfundisha mtoto kwamba jirani yake ana nguo nzuri. Haumfundishi lolote la jirani mwenyewe. Tena unamfungia Mmalay ndani ya umalay wake, kana kwamba kijana wa kileo wa Singapore huamka asubuhi akiwa amevaa vazi la harusi.

Nguvu ya Chingay naiona kwingine, mahali ambapo mtazamaji hafiki.

Chukua bendera kubwa, mojawapo ya sanaa za zamani kabisa za gwaride hili. Ni mlingoti wa mianzi unaopita mita saba, na kitambaa kizito chenye nakshi kinaning'inia juu. Mbebaji huanza kuusimamisha kwenye kiganja, akauhamishia begani, kisha kwenye paji la uso au kidevuni, mikono yote imeachia. Macho yake yako juu muda wote, yanafuata ncha ya mlingoti, hayaoni miguu yake wala watu walio mbele. Upepo ukigeuka, kitambaa kinavuta. Kwa hiyo wenzake humzunguka wakitembea naye hatua kwa hatua, mikono iko tayari, na mlingoti ukianza kulala wanaudaka kabla haujawafikia watazamaji. Wakati mwingine anaurusha, mwenzake anaupokea kwa bega lake. Hakuna namna ya kuifanya kazi hiyo na mtu usiyemwamini, na hakuna namna ya kumwamini mtu bila kuwa mmeuangusha mlingoti pamoja mara nyingi mazoezini.

Au chukua kompang, ngoma ya mkononi ya Wamalay iliyowambwa ngozi upande mmoja. Msomaji aliyezoea matari ya Maulidi ataitambua mara moja. Wapigaji wake hawapigi pigo moja. Hugawana: huyu anapiga hapa, yule anajaza nafasi iliyoachwa, na kile anachokisikia mtu wa nje kama mdundo mmoja mzito ni mapigo ya watu wengi yaliyopishana. Mmoja akikosea, wote wanasikika wamekosea. Anayejifunza kompang hujifunza kwanza kumsikiliza aliye kushoto kwake.

Sasa mweke kijana wa Kichina kwenye safu ya kompang, na kijana wa Kihindi ndani ya mwili wa simba wa kuchezwa, yeye akiwa miguu ya nyuma na Mmalay akiwa kichwa. Hayo si ya kufikirika. Vipo vikundi vya simba vyenye vijana wa asili tofauti, na waandaaji wa Chingay wamekuwa wakitunga maonyesho yanayochanganya ngoma na dansi za jamii zote badala ya kuzipitisha moja baada ya nyingine. Hapo ndipo ninaposema gwaride limekua. Washiriki wengi ni watu wa kujitolea, wanafunzi, wazee wa vituo vya jamii, akina mama wa mitaani, na usiku mmoja wa maonyesho huhitaji mazoezi ya wiki nyingi. Katika mazoezi hayo mtu anajua mwenzake anafunga saa ngapi, anaswali saa ngapi, chakula gani hakili, mama yake anaumwa nini. Mwalimu wa dansi analazimika kupanga mapumziko yafuate Magharibi. Mleta chakula analazimika kuuliza. Mambo madogo sana, lakini ukiniuliza umoja wa kitaifa uko wapi katika Chingay, nitakuonyesha hapo kabla sijakuonyesha jukwaa.

Ndiyo maana sipimi mafanikio ya gwaride hili kwa ukubwa wake. Mwaka 1985 lilihamishwa kutoka mitaa ya makazi likapelekwa Orchard Road, barabara ya maduka makubwa na hoteli. Watalii wakaongezeka, vikundi kutoka nchi nyingine vikaalikwa, magari yaliyopambwa yakawa marefu na yenye taa nyingi zaidi. Faida yake naiona. Nchi ndogo ilipata kitu cha kuionyesha dunia, na mtoto wa Singapore akajiona sehemu ya jambo linalotazamwa. Lakini Orchard Road si mtaa wa mtu. Hakuna anayechungulia dirishani akamwona mwanaye akipita. Katika msafara wa mitaani, bibi aliyechoka kutembea hukaa kwenye kiti mlangoni kwake na gwaride likamfuata. Katika barabara ya maduka ni yeye anayepaswa kulifuata.

Mwaka 2010 likasogezwa tena, safari hii kwenye eneo la mashindano ya magari ya Formula 1 karibu na Marina Bay, penye majukwaa ya kukaa na tiketi za kununua. Hapo kwa kweli liligeuka onyesho. Taa zikawa bora, sauti ikawa bora, na mpaka kati ya anayecheza na anayetazama ukawa mgumu kuliko wakati wowote. Ninaamini kuna kitu kilipotea. Gwaride la mitaani lina raha ya kutojua nani atasimama karibu nawe. Ukinunua tiketi unakaa na watu uliokuja nao.

Mwaka 2021 korona ililiondoa gwaride barabarani kabisa, watu wakalitazama kwenye televisheni na intaneti. Huenda hilo ndilo lililowakumbusha waandaaji kitu walichokuwa nacho, maana miaka iliyofuata, pamoja na onyesho kubwa, magari yaliyopambwa na vikundi vimekuwa vikipelekwa kwenye mitaa ya makazi, na wakazi wakiitwa mapema kutengeneza mapambo kwa mikono yao. Nalipongeza hilo kwa moyo wote. Ni kurudi Jalan Besar, kwa namna fulani.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa Chingay hawalizungumzi sana, nami sitaki kulipita. Baada ya 1964, maandamano ya kidini ya miguu yaliwekewa vizuizi vikali. Wahindu waliachiwa machache, na kubwa kati ya hayo ni Thaipusam, ambapo waumini hubeba kavadi, mizigo ya nadhiri iliyopambwa, kwa zaidi ya kilomita tatu, kutoka hekalu la Serangoon Road hadi la Tank Road. Lakini mwaka 1973 walikatazwa kupiga muziki njiani, sababu iliyotolewa ikiwa ni ugomvi kati ya vikundi. Tazama mwaka. Ni mwaka uleule msafara wa Chingay ulipoanzia Jalan Besar, hatua chache kutoka Serangoon Road, na sikukuu mbili hizi huangukia karibukaribu kila mwaka. Kwa hiyo kwenye mtaa mmoja ngoma ya taifa iliruhusiwa kulia na ngoma ya ibada ikanyamazishwa. Waumini walilalamika kwa miongo. Vikwazo vilianza kulegezwa mwaka 2016, na mwaka 2019 ala za asili zikaruhusiwa kwa upana zaidi.

Sisemi kwamba serikali ilikuwa na nia mbaya. Waliokuwa madarakani waliyaona ya 1964 kwa macho yao na hofu yao ilikuwa na msingi. Ninachosema ni kwamba umoja uliotengenezwa kwa ruhusa na kibali una sehemu zake za kimya, na anayelisifu gwaride bila kuzitaja hizo anawasahau hasa wale ambao gwaride lilidai kuwakumbatia. Kuruhusiwa kucheza kwenye sherehe ya mwenzako kunatia moyo. Kuruhusiwa kupiga ngoma yako mwenyewe siku yako mwenyewe kunatia moyo zaidi. Nchi inahitaji yote mawili, na Singapore ilichukua zaidi ya miaka 40 kulikubali la pili.

Wenye shaka huuliza: je, gwaride linaunganisha kweli, au Singapore imetulia kwa sababu nyingine? Swali la haki. Sehemu kubwa ya utulivu ule imetokana na mambo yasiyo na rangi wala ngoma. Takribani wakazi wanane kati ya kumi huishi katika nyumba zilizojengwa na serikali, na tangu 1989 kila jengo na kila mtaa una kiwango cha juu cha wakazi wa kila asili, ili mtaa wa kabila moja usijengeke tena. Tangu 1967 vijana wa kiume hulala kambi moja katika utumishi wa taifa. Wimbo wa taifa unaimbwa Kimalay na watu ambao wengi wao ni Wachina. Tangu 1997 shule huadhimisha siku ya utangamano kila tarehe 21 Julai, siku ileile ya vurugu, jambo ninaloliona la ujasiri. Ukiondoa hayo yote ukabaki na Chingay peke yake, sidhani kama ingedumu hata miaka mitano.

Lakini geuza swali. Sheria ya nyumba inaweza kumweka Mmalay na Mchina kwenye ngazi moja. Haiwezi kuwafanya wasalimiane. Wanaweza kupishana miaka 20 kwenye lifti bila kujua majina. Kitu gani kitawapa sababu ya kukaa chumba kimoja Jumamosi jioni, wakipigizana kelele juu ya hatua ya kulia na ya kushoto? Shule hufanya hivyo kwa watoto, kambi kwa vijana wa kiume. Kwa mama wa miaka 50 na mzee aliyestaafu, sababu kama hizo ni chache sana, na kituo cha jamii kinachotafuta watu wa kucheza Chingay ni mojawapo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoliandaa ni la kazi. Wasiongeze taa. Waongeze miezi ya mazoezi mitaani na wapunguze viti vya tiketi. Wachague viongozi wa vikundi kutoka jamii zote, ili asiye Mchina awe anapanga msafara badala ya kupangiwa nafasi ndani yake. Wavunje ile safu ya makundi inayopita moja baada ya nyingine, hata kama itawapa kazi ngumu wapiga picha. Na angalau mwaka mmoja kati ya michache, onyesho kubwa lenyewe liondoke Marina Bay, lipite barabara ya makazi isiyo na majukwaa, lianzie Geylang mchana kweupe, na watu watoke majumbani mwao kulipokea.